Watoto wanarudi kutoka kwa baba yao na alama za waya: je, naweza kuwazuia wasiende?

SWALI

Shikamoo mama.

Mimi ni mama wa watoto wawili, wa kiume mwenye umri wa miaka tisa aliye darasa la tatu, na wa kike mwenye miaka mitano anayesoma chekechea. Ninaishi Morogoro mjini na riziki yangu ni kuuza vitenge. Ndoa yangu ilivunjwa na Mahakama ya Mwanzo miaka miwili iliyopita. Hakimu aliamuru watoto wakae kwangu, baba yao atoe fedha za matunzo kila mwezi, na wao waende kwake kila baada ya wiki mbili, tangu Ijumaa jioni hadi Jumapili jioni, pamoja na nusu ya kila likizo ya shule. Sikukata rufaa, kwa sababu wakati ule sikuwa na neno juu yake kama baba. Ugomvi ulikuwa wetu sisi wawili, na watoto walimpenda.

Mwaka huu mambo yamebadilika. Mara ya kwanza nilimwogesha mtoto wa kiume Jumapili usiku nikaona michirizi mapajani na mgongoni. Aliniambia alianguka kutoka kwenye mwembe. Mdogo wake, ambaye bado hajajua kuficha jambo, ndiye aliyesema kwamba baba alimchapa kaka kwa waya wa pasi kwa sababu alipoteza fedha ya maziwa. Nilipompigia simu baba yao hakukana. Aliniambia mtoto wa kiume halelewi kwa kubembelezwa, kwamba samaki mkunje angali mbichi, na kwamba yeye mwenyewe alilelewa hivyo na hakufa. Nilinyamaza.

Baadaye binti alianza kukojoa kitandani, jambo alilokuwa ameliacha tangu akiwa na miaka mitatu, na kila Ijumaa inapokaribia analalamika tumbo. Polepole nikapata habari kwamba usiku baba yao huwafungia ndani kwa kufuli la nje, akaenda baa mpaka usiku wa manane. Siku moja umeme ulikatika wakalia gizani hadi jirani akaja kuzungumza nao dirishani. Mara ya mwisho mtoto wa kiume alirudi mkono umevimba. Nilimpeleka zahanati wakaniomba PF3, ile fomu ya polisi ya mtu aliyejeruhiwa, na nilipofika kituo cha polisi, mtu niliyemkuta mapokezi aliniambia haya ni mambo ya familia, twende kwanza tukayamalize nyumbani. Wazee wa upande wake waliitisha kikao, yeye akakiri kwamba "alizidisha kidogo," akaomba radhi, na mimi nikaambiwa nisitumie watoto kumkomoa.

Tangu siku hiyo sijawapeleka kwake zamu tatu. Likizo hii nimewapeleka Dodoma kwa mama yangu, na baba yao sijamwambia waliko. Nikiri pia kwamba hajatoa matunzo kwa miezi minne, na katika hasira nilimwandikia ujumbe kwamba pasipo matunzo hapana watoto. Sasa anasema atanipeleka mahakamani kwa kukaidi amri na kwamba nitanyang'anywa watoto wote wawili. Shule zinafunguliwa baada ya wiki mbili.

Ninachotaka kujua ni kama sheria inaniruhusu kuwazuia watoto wasiende kwake, kama mahakama inaweza kumkataza kabisa kuwaona, na kama nitahitaji wakili ambaye sina fedha za kumlipa. Kuna jambo lingine linaloninyima usingizi. Mwanangu ameniomba nisimwambie mtu yeyote, kwa sababu "baba atafungwa."

Mama wa wawili, Morogoro

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Umeniuliza kama sheria inakuruhusu kuwazuia. Nitalijibu hilo, lakini nataka kwanza uligeuze swali lenyewe, kwa sababu jinsi ulivyoliuliza ndivyo mtalaka wako anavyoliuliza pia, kila mmoja akitazama haki yake. Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka 2009, inayotumika Tanzania Bara, inaanzia mahali pengine. Inasema kwamba wazazi wanapotengana au kuachana, ni mtoto ndiye mwenye haki ya kukaa na mzazi ambaye mahakama inaona anafaa zaidi kumlea, na ni mtoto ndiye mwenye haki ya kumtembelea na kukaa na yule mwingine. Baba yao anaweza kuiomba mahakama impangie siku za kuwaona, lakini anachoomba kinapimwa kwa manufaa ya mtoto. Kwa hiyo siku mahakama itakapoambiwa kwamba ziara zile zinamletea mtoto michirizi ya waya, haitakuwa inamnyang'anya baba mali yake. Itakuwa inauliza kama kile kilichowekwa kwa ajili ya watoto bado kinawafaa watoto.

Sheria hiyohiyo inakataza mtu yeyote kumzuia mtoto kuishi na wazazi wake, ila pale mahakama inapoamua kwamba kuishi nao kutamletea madhara makubwa, kutamweka katika ukatili, au hakuna manufaa kwake. Angalia neno lililomo humo: mahakama. Anayeamua si mama, si baba, wala si kikao cha wazee. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, una mwelekeo huohuo. Unampa mtoto aliyetenganishwa na mzazi haki ya kuonana naye mara kwa mara, isipokuwa pale ambapo kuonana huko kunapingana na maslahi yake.

Sasa jibu la swali lako. Amri uliyo nayo bado ni amri halali na inakufunga wewe kama inavyomfunga yeye. Mama anayewazuia watoto kwa sababu ana hofu ya kweli, akakimbilia mahakamani siku chache baadaye kueleza hofu hiyo, husikilizwa. Mama anayewazuia zamu tatu, akawahamishia mkoa mwingine bila kusema waliko, na juu yake akaandika ujumbe wa kudai matunzo kwanza, anampa mwenzake hoja ambayo hakustahili kuwa nayo. Ujumbe ule utasomwa mbele ya hakimu, na mtu asiyejua habari za waya atadhani ugomvi wote ni wa fedha. Sikulaumu kwa kuwatoa watoto kwenye hatari; ningekuwa wewe huenda nami ningefanya hivyo. Ninachosema ni kwamba kila siku unayoendelea kukaa kimya baada ya kuwatoa inaipunguzia uzito sababu yako.

Matunzo ni shauri lake peke yake. Yadai kwa njia yake, katika mahakama ileile iliyotoa amri, na usiyataje tena pamoja na suala la watoto kwenda kwake. Baba asiyetoa matunzo hapotezi kwa sababu hiyo nafasi ya kuwaona watoto, na baba anayetoa kila senti hapati kwa sababu hiyo ruhusa ya kuwapiga kwa waya.

Kuhusu kupiga kwenyewe lazima niseme kweli, kwa sababu wapo watakaokuambia kwamba sheria yetu imeharamisha kila kofi, na wapo watakaokuambia kwamba mzazi ana ruhusa ya kufanya lolote. Wote wawili wanakosea. Sheria ya Mtoto inakataza mateso na adhabu za kikatili au za kudhalilisha, na inasema kwamba hakuna marekebisho ya mtoto yanayokubalika ikiwa aina yake au kiwango chake kimepita kiasi kulingana na umri na hali ya mwili na akili yake. Waya wa pasi kwa mtoto wa miaka tisa, kiasi cha kuacha alama zinazoonekana wakati wa kuoga, na mkono uliovimba, hauhitaji wakili kueleza kwamba umepita kiasi. Na pale anapowafungia kwa kufuli la nje usiku, mmoja akiwa na miaka mitano, akaondoka, mimi naliona jambo hilo kuwa zito kuliko hata waya, ingawa wazee katika kikao chenu inaelekea hawakuligusa. Moto ukizuka ndani ya nyumba iliyofungwa kwa nje, hakuna wa kuomba radhi wala wa kuombwa. Kanuni ya Adhabu ina kosa la ukatili kwa watoto, lililoongezwa mwaka 1998 kupitia Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, na kosa hilo linamgusa mtu mwenye dhamana ya mtoto anayemtesa au kumtelekeza. Halihusu ngono peke yake, kama wengi wanavyodhani kwa kusikia jina la sheria iliyolileta.

Ndiyo maana yule aliyekuambia kituoni kwamba haya ni mambo ya familia alikosea, na usimchukulie kuwa ndiye polisi wote. Rudi, lakini safari hii usiishie mapokezi. Uliza Dawati la Jinsia na Watoto, ambalo lina askari waliofundishwa kupokea taarifa za namna hii. Omba taarifa yako iandikwe, uondoke na namba ya jalada, na omba PF3 kwa ajili ya kila mtoto. Ukikwama, piga simu namba 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto, ueleze ulikokwama. Na kama siku yoyote mtoto atarudi akiwa ameumia vibaya, aanze hospitali, karatasi zifuate.

Hatua inayofuata wengi huiruka, nami naona ndiyo yenye uzito mkubwa kuliko zote. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako. Sheria inamtaka kila mwanajamii mwenye habari kwamba haki za mtoto zinavunjwa azipeleke kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo, na mamlaka hiyo, kupitia afisa huyo, ina wajibu wa kufuatilia. Atafika kwako, atafika kwa baba yao, ataongea na jirani aliyesimama dirishani siku ya giza, ataongea na mwalimu wa darasa, kisha ataongea na watoto wewe usipokuwepo. Taarifa atakayoiandika hakimu ataisoma kwa jicho tofauti na anavyosoma kiapo chako au cha mtalaka wako, kwa sababu afisa huyo hakuwa mke wala mume wa mtu katika shauri hilo. Niliifanya kazi hiyo miaka mingi kabla ya kustaafu, na naweza kukuambia kwamba mahakimu wengi huamini zaidi kurasa tatu za afisa aliyeingia chumbani akaona kufuli liko upande gani wa mlango kuliko machozi ya pande zote mbili.

Kisha uende mahakamani. Muda wa kukata rufaa umekwishapita, na wala rufaa si njia yako, kwa sababu hulalamiki kwamba hakimu alikosea miaka miwili iliyopita. Unasema hali imebadilika tangu hapo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaipa mahakama uwezo wa kubadilisha au kuondoa amri ya malezi pale mambo ya msingi yanapobadilika. Amri ya namna hii haiwi msumari uliopigwa ukutani milele. Peleka maombi yako katika mahakama iliyovunja ndoa, ambako jalada lipo, ukiambatanisha nakala ya amri, taarifa ya zahanati, PF3, namba ya jalada la polisi na barua ya ustawi wa jamii. Omba pia, kwa maneno ya wazi, amri ya muda ya kusimamisha ziara za kulala huko mpaka maombi yasikilizwe. Usipoiomba, unaweza kupangiwa tarehe ya mbali na zamu za Ijumaa zikaendelea kama kawaida. Karani akikueleza kwamba shauri la ulinzi wa mtoto lipelekwe Mahakama ya Watoto, usikate tamaa ukidhani unazungushwa. Mahakama hiyo ilianzishwa na Sheria ya Mtoto kwa ajili ya maombi ya matunzo na ulinzi wa watoto pia, si kwa ajili ya watoto walioshtakiwa tu. Vikao vyake havifanywi hadharani, afisa ustawi wa jamii anakuwapo, na mtoto anayo haki ya kusikilizwa. Kanuni zake zilitolewa mwaka 2016.

Umeuliza kama mahakama inaweza kumkataza kabisa. Inaweza, lakini usianze kwa kuomba hilo, nami nitakueleza kwa nini. Kati ya amri uliyo nayo sasa na kukatazwa kabisa pana nafasi kubwa, na mahakama nyingi hupenda kusimama humo. Inaweza kuamuru watoto wamwone baba yao mchana tu na wasilale kwake. Inaweza kuamuru wakutane mbele ya mtu mzima aliyekubaliwa na pande zote, nyumbani kwa babu yao kwa mfano, au katika ofisi ya ustawi wa jamii. Inaweza kumkataza kuwaacha peke yao au kutumia adhabu yoyote ya kupiga wanapokuwa chini yake. Inaweza kusimamisha ziara kwa miezi kadhaa, ikaagiza taarifa mpya, kisha ikaangalia tena. Katika kupima haya hakimu anatakiwa kuangalia umri na jinsia ya mtoto, umuhimu wa ndugu kutotenganishwa, mwendelezo wa malezi aliyoyazoea, na kwamba ni vema mtoto awe na wazazi wake ila pale haki zake zinapovunjwa na wazazi haohao mara kwa mara. Ndiyo maana tarehe zako ni muhimu. Tukio moja ni kosa. Matukio matatu yenye tarehe ni mwenendo.

Mzazi anayekuja na ombi lenye kipimo, akisema "nataka wamwone baba yao lakini wasilale huko mpaka ithibitike kuwa wako salama," huonekana kuwa mtu anayewafikiria watoto. Anayekuja akitaka baba afutwe huulizwa maswali mengi zaidi, na si bila sababu. Nimewahi kuona mashauri ambayo tuhuma za ukatili zilitungwa ili kumkomoa mtalaka, na kila uongo wa namna hiyo huwagharimu watoto wengine wanaosema kweli, kwa sababu huwafanya wasikilizaji wawe wagumu. Wewe una ukweli, basi ubaki ndani ya mipaka yake. Sema ulichokiona kwa macho yako, na ulichoambiwa na mtoto kwa maneno yaleyale aliyoyatumia, na usijazilize.

Kwa sababu hiyo nakuomba usiwahoji watoto kila jioni, usiwarekodi kwenye simu wakieleza, na usiwafundishe cha kusema. Sheria inaipa uzito kauli ya mtoto iliyotolewa kwa hiari yake, bila kushinikizwa, na mtu mwenye uzoefu hung'amua upesi sentensi iliyotoka kwa mama ikapitia kinywani mwa mtoto. Binti yako alipotaja waya wa pasi bila kuulizwa, alikupa kitu ambacho mahojiano ishirini yasingekupa. Andika hayo kwenye daftari: siku gani, mlikuwa mnafanya nini, alisema nini. Picha ulizonazo, kama ulipiga, zihifadhi zilivyo na usizisambaze kwenye makundi ya familia, hata kama shangazi yupi anataka kuziona.

Umri wa binti unakusaidia. Sheria inachukulia, mpaka ithibitishwe vinginevyo, kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba ni heri akae na mama yake. Kaka yake ameshauvuka umri huo, lakini kanuni ya kutowatenganisha ndugu na ya kutoyumbisha maisha ya mtoto zinabaki upande wako, kwa hiyo tishio la kunyang'anywa wote wawili lisikutoe jasho, mradi usiendelee kuonekana mtu anayewaficha. Warudishe watoto Morogoro kabla shule hazijafunguliwa. Leo hii mwandikie baba yao ujumbe mfupi usio na matusi wala madai ya fedha, umwambie watoto wako kwa bibi yao, wako salama, hutawapeleka kulala kwake kwa sababu ya majeraha ya tarehe fulani na fulani, unaipelekea mahakama jambo hilo, na wakati unaisubiri uko tayari awaone Jumamosi mchana nyumbani kwa mmoja wa wazee mnayemwamini wote. Ujumbe huo hauifuti amri, lakini utakaa kwenye jalada karibu na ule wa kwanza, na hakimu atasoma yote mawili.

Hao wazee msiwafukuze. Kikao chao kilikosea kilipojifanya mahakama ya majeraha, maana usuluhishi unafaa kwa mke na mume waliokorofishana, haufai kwa mtoto aliyepigwa na asiyekaribishwa kikaoni kujieleza. Hata hivyo mzee mwenye nyumba yenye ua na muda wa Jumamosi anaweza kuwa msimamizi mzuri kuliko ofisi yoyote, na babu anayewaona wajukuu wakicheza mbele yake hatasema tena kwamba umewazulia.

Wakili si lazima. Shauri la aina hii unaweza kulisimamia mwenyewe, kwa Kiswahili, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria wanaotoa ushauri na mwongozo bila malipo. Afisa ustawi wa jamii atakuonyesha walio karibu nawe. Wasomaji wa Zanzibar watambue kwamba sheria inayowahusu ni nyingine, Sheria ya Watoto Namba 6 ya mwaka 2011, ingawa njia ya kwanza, yaani ustawi wa jamii na polisi, inafanana.

Nimeliacha la mwanao mpaka mwisho kwa sababu si la sheria. Mtoto anayesema "usiseme, baba atafungwa" amebeba mzigo wa watu wazima wawili. Anampenda mtu anayemwogopa, na anaamini kwamba hatima ya mtu huyo iko kinywani mwake. Usimwahidi kwamba baba hatafanywa kitu, kwa sababu hujui, na akigundua ulimdanganya hatakuambia tena lolote. Usimseme vibaya baba yake pia, maana nusu ya maneno hayo atayachukua kuwa yake. Mwambie kwamba hakufanya kosa kwa kupoteza fedha ya maziwa kiasi cha kupigwa hivyo, kwamba dada yake hakufanya kosa kwa kusema, na kwamba aliyeamua kwenda kueleza ni wewe mama yake, si yeye. Mwambie kuna watu ambao kazi yao ni kuwasaidia watoto na baba zao waonane bila mtu kuumizwa, na kwamba mmoja wao atakuja kuzungumza naye, naye ataruhusiwa kusema analotaka, hata kusema kwamba anamkumbuka baba. Maneno hayo usimwambie kwa simu akiwa Dodoma. Subiri arudi, umwambie mkiwa mmekaa.